Treni ya Jumanne

Mvua za masika zilipokaribia, Mwashamba alimpigia mumewe simu.

"Baba Mbeyu, usingoje treni ya Ijumaa. Reli itakatika. Panda ya Jumanne."

Jumanne akaenda kumpokea. Pale stesheni, treni ikichelewa, mkuu wa stesheni hufuta saa ubaoni akaandika nyingine kwa chaki, na watu hurudi kwenye chai yao.

Simu ya ofisini ikalia. Mkuu akatoka, akafuta saa tisa, asiandike kitu.

"Tuandikie hata saa mbili usiku, tushakuzoea!" mama mmoja akamtania.

"Daraja limesombwa," mkuu akasema. "Treni ilikuwa juu yake."

Mwashamba hakulia. Alimsogelea, akamshika kiwiko.

"Andika, baba. Andika saa yoyote."

Mkuu akainua chaki hadi ubaoni, mkono ukabaki pale pale.