Yesu Aliyeshuka Msalabani

Vitabu vyote vya watoto vilisikiliza mapigo ya moyo. Mtoto akiogopa, picha ilibadilika. Tabitha alipofungua ukurasa wa Ijumaa Kuu, Yesu alishuka msalabani akitabasamu.

"Mrudishe palepale!" Mama Tabitha alimfokea mwalimu wa shule ya Jumapili. "Juzi tumemzika kaka yake, Yusto. Acha amwone Yesu akifa."

"Sheria hairuhusu, mama. Ukimtisha, serikali itakunyang'anya mtoto."

"Kwa hiyo mnamdanganya, tena kanisani?"

"Punguza sauti, anasikia."

Tabitha alikifunga kitabu. "Mama, kumbe mtu akitaka anarudi? Basi Yusto hatutaki?"

Mama alimkumbatia, akausikia moyo wa binti yake ukianza kwenda mbio.

"Anatutaka, mwanangu," alisema haraka. "Yuko njiani."