Mke Mwenza wa Saa Mbili

Taarifa ya habari ya saa mbili ikikaribia, Mzee Shamte huvaa kanzu safi na kujitia manukato. Mtangazaji akisema, "Hamjambo, watazamaji wapenzi," yeye huitikia, "Hatujambo, mama!" Mkewe, Bi Mwanamkuu, akimsalimu hujibiwa kwa mguno.

Jana Bi Mwanamkuu alivua mtandio wake, akaifunika televisheni.

"We mwanamke, una wazimu?"

"Namsitiri mke mwenzangu. Anakaaje kichwa wazi mbele ya mume wangu?"

"Nataka habari!"

"Habari hata mimi ninazo."

Chini ya mtandio sauti nyororo iliendelea kueleza mafuriko. Mzee akakitazama kile kitambaa, kisha nywele za mkewe, zilizosukwa upya.

"Habari gani?" akauliza.

Bi Mwanamkuu akaketi wima, akakohoa kidogo, akaweka mikono yote miwili juu ya meza.