Anapokaa Marehemu

Fundi alibana waya ya pili, akaivuta kuhakikisha haichomoki, ndipo akathubutu kulegeza nati za betri iliyochoka. Betri ya kuazima ilikuwa chini, karibu na gurudumu, ikilipa gari moto wakati ile nyingine inatolewa. Umeme ukikatika hata kwa kufumba na kufumbua, gari lingesahau kila kitu.

"Lisisahau, mwanangu," alisema mzee mwenye gari.

"Halisahau, mzee."

Gari la kifahari likizeeka halishushi maringo, na hili lilishafika umri wa kuoa. Mwezi huu mifuko ya upepo imetoboka, limelala upande mmoja kama ng'ombe. Mwezi ujao sensa ya breki imekufa. Mwezi wa tatu oili inavuja mahali ambapo hapafikiki mpaka ushushe injini nzima. Wana wa mzee walimsihi aliuze. Mzee alikuwa mpima ardhi mstaafu, si mtu wa maneno mengi.

"Mama yenu yumo," aliwajibu, nao hawakurudia tena.

Alikuwa na maana ya vitufe vya mlangoni. Ukibonyeza namba moja, kiti cha dereva kinajipanga kwa kimo cha mzee. Ukibonyeza namba mbili, kinajipanga kwa kimo cha marehemu mkewe, usukani na vioo vikifuata, vilevile alivyoviacha siku ya mwisho kuendesha. Kila jioni mzee hubonyeza mbili, akazunguka, akaketi kiti cha abiria kando yake.

Fundi aliyajua yote hayo, na yalimnyima usingizi. Namba mbili haikuwa ya marehemu tena.

Miaka miwili nyuma gari lilifika gereji likivutwa kwa kamba, betri imechoka, haina nguvu ya kuwasha injini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulihudumia. Akabadilisha betri bila kuuliza. Mchana mzee akapiga simu.

"Nakuja jioni. Ila namba mbili usiiguse, hapo ndipo anapokaa marehemu."

Fundi alikwenda mbio kubonyeza mbili. Kiti hakikutikisika. Maji yalishamwagika.

"Kwani mama alikuwa wa kimo gani, mzee?" aliuliza, simu bado sikioni, akijifanya anapiga soga tu.

"Wa kunitosha."

Basi mke wa fundi alipoleta chakula, mumewe alimkalisha pale, akakisogeza kiti mpaka miguu ikafika kwenye pedali, akaelekeza vioo, akahifadhi. Mkewe alishuka akijipangusa mikono.

"Mume wangu, umenikalisha mahali pa maiti," alisema. Tangu siku ile hakukanyaga tena gereji.

Fundi naye hakupona. Kila mara kiti kilipojisogeza chenyewe, alimwona mkewe pale, macho mbele, kimya, hapumui. Usiku alimgusa bega kuhakikisha yu hai. Mara ngapi alifungua mdomo akiri, akaufunga! Utamwambiaje mtu kwamba umemfisha mkewe mara ya pili? Mzee wa watu angeanguka palepale, na fundi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu.

Betri mpya iliingia. Nati zikakazwa. Fundi alitoa waya za kuazimia moja baada ya nyingine, jasho likimtoka mpaka puani.

Mzee akabonyeza mbili.

Kiti kilinguruma, kikajivuta mbele, kikapanda, vioo vikainama. Fundi alishusha pumzi. Za mwizi arobaini zilikuwa bado hazijatimia.

Mzee alizunguka taratibu, akaketi kiti cha abiria, akakitazama kile kiti kitupu kwa muda. Kisha akamwita fundi kwa kidole asogee dirishani.

"Mke wangu alikuwa mrefu kunishinda, mwanangu," alisema. "Lakini huyu mfupi uliyeniletea tumeshazoeana. Jioni huwa namsimulia habari za mwenzake."