Sabufa Chini ya Kiti

Fundi Badi alikirudisha kiti cha abiria, akakaza nati, na sabufa, spika ya sauti nzito, aliyoificha chini yake haikuonekana tena. Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la kukimbia, lenye viti viwili tu.

Rukia, mwenye gari, akachomeka flashi yenye wimbo wa zamani wa kikundi cha baba yake.

Baba mwenyewe, Mzee Shekue, alikaa kwenye kiti kile, mkanda kifuani, uso ameugeuzia dirishani. Ujanani alipiga besi, ala ya nyuzi iliyo ndefu kuliko mtu, nyuma ya wenzake wote. Lakini redio ndogo za watu zilitoa sauti za mwimbaji na fidla tu. Rukia alipokuwa mdogo alimuuliza, "Baba, wewe uko wapi humu?" Tangu hapo besi lilihamia nyuma ya kabati.

Wimbo ukaanza. Halafu, chini ya mwimbaji, sauti nzito ikaanza kutembea taratibu, imeubeba wimbo mzima.

"Fundi, umeizidisha hiyo," alisema Rukia.

"Sijazidisha kitu, dada. Imo kwenye wimbo."

Rukia akamtazama baba yake. Vidole vya kushoto vya mzee vilikuwa vikibonyeza ule mkanda, na kila vilipohama, sauti ile nayo ilihama.

"Kumbe uko hapa, baba."

Wimbo ulipokwisha mzee alishuka, akainama mlangoni, akapima kwa shubiri kutoka sakafuni hadi darini. Akatikisa kichwa; besi lisingesimama humo. Akapima tena kwa mshazari.

"Hiki kiti, fundi," aliuliza, "kinalala mpaka wapi?"