Tundu la Kibla

Siku hizi gofu haliruhusiwi kuonekana gofu. Msikiti wa kale wa Mtangani wameufunika kwa picha ya nuru, ukionekana mzima kama siku ulipojengwa: kuba, chokaa nyeupe, nguzo za matumbawe zilizonyooka. Mlangoni unapewa beji, maana asiye nayo nuru humfuta pia, asiharibu picha.

Mimi nilifuata tundu. Kibla, kile kishubaka cha imamu, kilibomoka ubavuni zamani kikaacha tundu, na humo mke wangu Mwanashaha alikuwa akiweka chetezo, akifukiza ubani kila niliposafiri, ili nirudi. Safari hii nilichelewa mno. Nyumbani nimekuta kufuli, na majirani wageni.

"Zima nuru kidogo tu, mwanangu," nilimwomba mlinzi, Bi Saumu.

"Sheria hairuhusu, babu. Na tundu liko wapi? Huoni ukuta?"

"Ukuta wenu huo hata mbu anapita."

Akacheka, akatazama kando. Nikauingiza mkono ukutani, ukapotea hadi kiwiko. Vidole vikagusa chetezo. Kilikuwa cha moto.

"Nani kaingia hapa leo?"

"Wenye beji? Wewe peke yako, babu."

Nikaketi chini ya kibla, nikavua beji ili nuru inifute mimi pia, nikaita jina la Mwanashaha.