Mahindi ya Mbegu Juu ya Jiko

Naapa kwa meno yangu mawili yaliyobaki, haya ni kweli tupu. Siku hizi huku Rungwe mvua huja mara moja tu kwa mwaka, na sheria ya kijiji inasema anayeitangaza kwa uongo atalipa kwa mbegu zake.

Mimi kilabuni nilikuwa nanogesha tu. Nikasema bondeni imenyesha mpaka vyura wamepanda kitandani kwangu, na kesho itakuwa hapa. Watu wakacheka. Jirani yetu Sekela hakucheka. Alikwenda akafukia mbegu zake zote kwenye vumbi, aiwahi mvua. Mchwa wakazimaliza.

Akaja mlangoni. "Shikamoo babu. Vyura wako wamefika wapi?"

"Marahaba mjukuu wangu. Wako njiani, wanachechemea."

Hata safari hii hakucheka. Mke wangu, Mama Lugano, akapanda juu ya kiti, akaangua mahindi yetu ya mbegu yaliyoning'inia kwenye moshi juu ya jiko, akampa yote.

"Sasa sisi tutapanda nini, Mama Lugano?" nikamuuliza.

"Muulize aliyekuwa kilabuni."

Wiki ile mvua ikaja kweli. Majirani wakakimbilia mashambani. Sisi tulikaa mlangoni, tukaitazama ikilowesha shamba letu tupu.