Tarakimu Moja

Kisanduku cha kumbukumbu kililia ti, ti, gizani kabla ya adhana. Kila mwaka nyumba iliruhusiwa kuandika kigezo kimoja tu cha majina ya mafaili; faili ambalo jina lake halikulingana nacho lilifutwa. Mwanahamisi, kwa elimu yake ya darasa la jioni, aliandika baba\d, ile \d ikisimamia namba, abakize sauti zote za marehemu mumewe, zilizoitwa baba1, baba2 na kuendelea. Akampakata bintiye Shuwena, akabonyeza; mafaili mengine yakafutwa, sauti zilizobaki zikaanza.

"Msikilize baba yako, mwanangu."

Baba akaimba, akacheka. "Bibi wee, ugali huu tujengee ukuta?"

Baada ya baba9, kimya. Ndipo Mwanahamisi alipokumbuka kuwa \d husimamia tarakimu moja tu. Sauti za tangu Shuwena azaliwe zilianzia baba10, yenye tarakimu mbili. Akamkumbatia.

"Baba hajanitaja," Shuwena akasema.